Siku yangu Mikindani: mlango una umri gani, na nyumba je?

Saa 12:30 asubuhi. Naenda Mikindani kuorodhesha mlango mmoja wa kuchongwa na nyumba yake. Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu, lakini nawahi jua likiwa chini. Nakshi huonekana mwanga ukija kwa ubavu. Saa sita mchana huwezi kutofautisha ua na ufa.

Saa 1:30. Nimelipita Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ile nyumba yenye kibao kinachomtaja Livingstone na mwaka 1866. Wageni hupiga picha hapo wakaondoka. Nyumba yangu iko uchochoroni, haina kibao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeufuata mlango tena?"

Saa 2 hadi saa 4. Mlango wenyewe: mbao mbili, mfaa (nguzo nyembamba zinapokutana) katikati, mnyororo umechongwa kwenye miimo, kizingiti cha juu kimenyooka na kujaa mawaridi yaliyozibwa na rangi ya mafuta. Napiga picha, napima, nalaza karatasi juu ya nakshi na kuisugua kwa penseli. Wapo wanaodai mnyororo ni alama ya mwenye nyumba aliyeuza watumwa. Biashara hiyo ilikuwepo Mikindani kweli, ila pambo hilo liko kwenye milango mingi mno ya pwani kuwa ushahidi dhidi ya mtu mmoja.

Saa 5. Sehemu ninayoipenda kuliko zote: plasta. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, lakini kuzunguka fremu kuna saruji. Juu yake boriti za mkoko zimezidi fremu karibu shibiri kila upande. Uwazi ulikuwa mpana zaidi. Mlango huu haukutengenezewa hapa. Namuuliza Bibi, anacheka.

"Aliuleta baba mkwe wangu. Nyumba yao ya kule pwani ilianguka, mlango wakaubeba."

Saa 7. Wali, samaki, kivuli.

Saa 8. Naandika, na hapa ndipo ugumu ulipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mlango wa kuchongwa wa kabla ya 1940. Jengo, ili lilindwe moja kwa moja, liwe la kabla ya 1863. La baadaye linasubiri kutangazwa na Waziri. Kwa hiyo mlango wa Bibi unaweza kuwa na ulinzi ambao ukuta unaoushikilia hauna. Ndiyo maana siwezi kuuazima umri wa mlango nikaupa nyumba, ingawa ingenirahisishia fomu ya kuorodhesha.

Saa 10 jioni. Pwani, ilipokuwa nyumba ile iliyoanguka. Kimebaki kipande cha ukuta, mizizi imepenya kwenye matumbawe, na uwazi uliovunjika upande mmoja. Upana haupimiki tena. Urefu unalingana na fremu, pungufu ya vidole viwili. Watoto wamenishikia tepu. Mmoja anauliza kama nanunua kiwanja.