Melle, fedha ilikotoka

Kutoka Niort, magharibi mwa Ufaransa, tulifika mji wa Melle asubuhi tukashuka moja kwa moja kwenye mgodi wake wa kale wa madini ya fedha. Chini ni baridi hata kiangazi, chukua sweta. Kuta zimejipinda, laini, kwa sababu mwamba ulivunjwa kwa moto. Kuni zilipangwa zikiegemea mwamba, zikawashwa, watu wakaondoka. Joto likaubambua mwamba; ulipopoa wakakusanya vipande. Matundu ya kutolea moshi yalitobolewa hadi juu, la sivyo moto ungefifia kwa kukosa hewa.

Walichofuata ni galena, jiwe zito la kijivu linalometa: ndani yake metali ya risasi tele, fedha chembe tu. Risasi yenye fedha iliyeyushwa juu ya kitanda cha majivu huku mivukuto ikipuliza. Risasi iligeuka oksidi ikanywewa na majivu, fedha ikabaki tone. Hatua hii haitaki haraka: risasi ikisalia, fedha huwa kavu na kupasuka chini ya nyundo.

Fedha hiyo ndiyo iliyotengenezwa denie, sarafu nyembamba ya gramu 1 na ushei. Katika hesabu za pesa za wakati huo, 12 zilifanya sou moja, 240 livre moja. Amri ya kifalme ya Pîtres ya mwaka 864 iliitaja Melle miongoni mwa mahali pachache paliporuhusiwa kupiga sarafu. Mfalme Charles le Chauve aliyeitoa alifariki 877, na karne ya 10 mgodi ukaachwa. Hata hivyo makabaila wa Poitou, jimbo lenye Melle, waliendelea kupiga CARLVS REX (Mfalme Charles) upande mmoja na METALO (jina la Melle) upande wa pili, kwa kuwa sokoni watu walipokea chapa waliyoizoea. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri kuliko huu wa jinsi sarafu inavyoishi kwa imani.

Tulipofika Poitiers, mji mkuu wa Poitou, tulilinganisha sarafu hizo za mwanzo na za mwisho. Herufi zinazidi kuwa nene na kombo, maana kila mchongaji alinakili sarafu iliyo mbele yake. Shaba nayo inaongezeka. Usidanganywe na weupe: kabla ya kupigwa, vipande vilisafishwa kwa asidi iliyoondoa shaba ya juu tu. Elekeza taa ubavuni, tazama palipolika zaidi. Wekundu ukijitokeza, ndani kuna shaba nyingi.

Aliyekuja kuandika jina lake mwenyewe badala ya la Charles ni Richard, yule Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza aliyetawala pia Poitou: RICARDVS REX, na nyuma, katika mistari mitatu, PICTAVIENSIS, yaani wa Poitou.