Saba Mbili Zilizogeuka Moja

Ripita ninayoitunza, yaani mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena yafike mbali, iko juu ya kilima nje ya Fort Portal, na kwa kuwa njia ya kupandia huko ni utelezi mtupu msimu wa mvua, amri zote huzituma nikiwa mjini kwa redio ya mkononi. Hubana kitufe cha kusemea, hungoja kama sekunde moja ripita iamke, huingiza namba ya siri ikifuatwa na namba ya amri, kisha huachia. Kidhibiti, yaani kifaa kinachoiendesha ripita, hakitekelezi lolote kabla sijaachia, kwa sababu kwake kukatika kwa mawimbi ndiko kunakoonyesha kwamba amri imekwisha. Hapo hujibu OK kwa msimbo wa Morse.

Wiki iliyopita nilibadilisha namba kuu ya siri, kwani ile ya zamani ilikuwa imeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Mpya ilikuwa na tarakimu 6, zikiwemo saba mbili zilizofuatana, nami nikaituma kutoka kwenye kumbukumbu ya redio, inayopiga tarakimu zenyewe kwa kasi. OK ikaja. Jioni nikiwa na redio nyingine, nilibonyeza namba hiyohiyo kwa kidole ili nirefushe muda wa kuongea, uliokuwa dakika 3. Kimya. Nikarudia taratibu. Kimya.

Nilikuwa nimeshaanza kuwaza habari ya kutafuta boda ya kunipeleka kilimani alfajiri, nilipozikumbuka zile saba. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja. Saba ni hezi 852 na hezi 1209. Tarakimu zikitofautiana, jozi ya milio hubadilika na kidhibiti hutambua kwamba imeingia nyingine, lakini saba ikifuatwa na saba, kinachozitenganisha ni ukimya tu, na kwa kasi ile ukimya ulikuwa mfupi mno. Kidhibiti kilisikia saba moja iliyovutwa, kikahifadhi tarakimu 5, na kwa kuwa hiki chetu hakidai namba irudiwe mara ya pili, kikaniitikia OK bila kudanganya.

Nikaingiza namba yenye saba moja. OK.

“Fundi, hiyo filimbi ni ya nini tena?” akauliza mlinzi wa zamu hewani. Filimbi aliyoisikia ni ile Morse, maana milio ya tarakimu kidhibiti huizima isitoke upande wa kurushia. Hata hivyo, aliye karibu nami akitega redio yake kwenye masafa ninayotumia kutuma, anaisikia yote, na akitaka anairekodi. Kwa hiyo kesho yake niliweka namba nyingine, isiyo na tarakimu zinazofanana zikifuatana, na safari hii nilipitia kipokezi cha pembeni kilicho kwenye masafa yake yenyewe, nikibonyeza kwa kidole.