Kachi keni ikijaa, soma kilichomo kabla hujaimwaga

Gari ikitoka kiwanja cha mbio inafuka moshi wa buluu, na mipira ya intakula (kipoza hewa ya turbo) ikifunguliwa inachuruzika oili, ushauri wa haraka ni "funga kachi keni", yaani kopo la kunasa oili. Sawa, funga. Lakini kopo linapokea tu kinachotupwa na injini. Kwa nini injini inatupa oili ni swali jingine, na lina majibu mawili yasiyofanana.

Tuchukue injini ya Subaru EJ, ile ya Impreza WRX na STI ambayo Nairobi na Dar huisikia kabla ya kuiona. Kila injini huvujisha gesi kidogo kupitia ringi za pistoni hadi ndani ya bloku. Yenye turbo huvujisha zaidi kwa sababu presha ya silinda ni kubwa. Gesi hiyo hutokea kwenye briza (tundu la kupumulia) iliyo juu ya bloku na zile za tapeti kava (vifuniko vya valvu), moja kila upande. Gari ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), valvu ya PCV, ile inayotoa gesi ya bloku, huipeleka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ikachomwe. Busti (presha ya hewa ya turbo) ikipanda, valvu hufunga na gesi yote huelekea kwenye bomba la hewa linaloingia turbo. Hilo ndilo jibu la kwanza: gesi nyingi kuliko mipira inavyoweza kupitisha, ikakimbia kwa kasi na kubeba matone ya oili.

Jibu la pili ni kona. Silinda za EJ zimelala, kwa hiyo hedi ziko pembeni, chini. Kwenye kona ndefu ya kushoto oili hutupwa kulia, na nguvu ya kona ikilingana na uzito wa gari, uso wa oili huinama nyuzi 45. Iliyoingia hedi ya kulia hairudi sampu (bakuli la oili chini ya injini) hadi kona iishe. Tena turbo nayo humwaga oili yake kwenye hedi hiyo hiyo. Briza ya upande huo basi humeza oili yenyewe, wala si mvuke.

Kopo litakuambia ni lipi. Oili safi, nzito, inayofanana na ya kwenye dipstiki, imetoka kwenye kona. Nyepesi, chafu, yenye harufu ya petroli, imeletwa na gesi ya ringi. Ya rangi ya maziwa ni unyevu wa safari fupi, ila kama maji ya rejeta yanapungua, kagua gasketi ya hedi kwanza. Pima kila kipindi cha dakika 20: vijiko vichache si kitu, robo lita ni tatizo.

Ukishuku gesi, anza na kitu cha bure. Injini ikiwa ya moto na sailensa, fungua kifuniko cha oili na uweke karatasi mdomoni. Ikivutwa kidogo, PCV inafanya kazi. Ikipeperushwa kwa nguvu, ing'oe valvu na uipulize kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi: ipitishe kuelekea manifoldi, ikatae kurudi. Iliyokwama wazi ni hatari kuliko iliyoziba, kwa sababu busti yote ya manifoldi huingia kwenye bloku. Dipstiki hurushwa, sili za krenki huvuja, na turbo hushindwa kumwaga oili yake, maana hiyo hushuka kwa uzito wake tu. Inatafuta njia kwenye sili za turbo, na hapo unapata moshi wa buluu na watu wanakuuzia turbo mpya isiyohitajika.

Presha yenyewe hupimwa kwa mpira mweupe unaoonyesha ndani, umekunjwa kama U, una maji nusu, ncha moja imefungwa kwenye tundu la dipstiki. Tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili ni takriban kilopaskali 1. Fanya kwenye dino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), si barabarani. Ikizidi sentimita 30 kwenye busti kamili, tunaacha kuongeza busti hadi tujue sababu. Pima uvujaji wa silinda, yaani asilimia ya hewa ya presha inayotoroka: chini ya asilimia 10 ni nzuri, juu ya 20 hakuna kopo litakalokuokoa. Kwenye EJ25 (EJ ya lita 2.5) anza na silinda ya 4, mahali ambapo kingo za ringi kwenye pistoni hupenda kuvunjika.

Injini ikiwa nzima, ndipo ujenge. Mipira ya saizi ya AN-10, ndani takriban milimita 14, mmoja kutoka kila tapeti kava na mmoja kutoka bloku. Gesi ikipata nafasi hupunguza mwendo na kuangusha oili njiani. Mipira ipande moja kwa moja hadi kwenye kopo. Ikining'inia popote, oili hutuama hapo na kuziba njia. Usitumie mpira wa rejeta, oili huulainisha na kuuvimbisha. Kopo liwe na vizuizi ndani na wavu wa chuma kisichoshika kutu. Tupu lisilo na kizuizi ni pambo la boneti. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, hutaka lita 2 kwa injini isiyozidi cc 2000 na lita 3 kwa kubwa zaidi, na kiwango kionekane kwa nje.

Kwa gari la kiwanjani tu, fungua kopo hewani kupitia filta ndogo, mbali na eksozi. Ziba tundu la PCV kwenye manifoldi na lile la bomba la turbo: ukisahau la pili, hewa isiyopita kwenye sensa ya kupima hewa itaingia na injini itakosa petroli. Gari la kazini kila siku liachie mfumo wake uliofungwa.

Kosa la mwisho ni kujaza oili kupita alama ya juu ili pampu isivute hewa kwenye kona. Nusu lita ya ziada huishia kwenye kopo. Weka vizuizi ndani ya sampu, na oili iishie kwenye alama.