Inayopanda kutoka Igurusi

"Imetoka Igurusi sasa hivi. Kichwa kimoja, ni kile cha zamani. Behewa sijahesabu, bado giza."

Ujumbe huo, wa treni ya mizigo, uliingia jana saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Anayeutuma ni kijana mkulima wa mpunga kule Usangu, na kwake reli inapita nyuma ya majaruba. Mimi niko Uyole, Mbeya, juu kabisa, na mwezi wa saba hapa baridi inauma mpaka kwenye kucha. Nikavaa sweta mbili, nikajifunga kitenge, nikamwambia mume wangu, "Mizigo inapanda." Akasema, "Haya, rudishia mlango," akageukia ukutani. Ameshanizoea.

Kutoka Igurusi hadi hapa treni nzito haiji kwa chini ya saa moja na nusu, kwa hiyo nilipata muda wa kuchemsha chai na kujaza chupa.

Mteja mmoja pale dukani kwangu, nafanya kazi ya fotokopi na kuchapa barua, aliona picha za treni nilizobandika ukutani akaniuliza kwa nini zote ni za mizigo. Mbona hata moja haina abiria? Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hapa nina nafasi.

Treni ya abiria naipenda pia, lakini hiyo ina watu wake. Ina ratiba, kuna wanaokuja kupokea wageni, kuna wanaouza ndizi na mahindi madirishani. Ya mizigo inakuja saa yoyote, inapita, na watu wa pikipiki pale kwenye kivuko wanachotaka ni ipite upesi. Na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote mbele ya macho yetu. Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na katika urefu wote huo hakuna mahali palipo juu kuliko hapa Uyole, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Kila tani inayokwenda Zambia lazima ipandishwe mpaka mlangoni kwetu. Ukisimama kwenye tuta alfajiri, uzito huo unausikia kwa masikio kabla hujaona taa.

Mabehewa matupu yana kelele: yanagongana, yanatetemeka, milango inapiga. Yenye mzigo hayasemi kitu. Unasikia injini tu, na chini yake reli inalia kwa sauti nyembamba pale kwenye kona. Kile kichwa cha zamani alichokisema kijana ni U30C, muundo wa General Electric, vilivyotengenezewa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu vichwa vya kwanza vya Kichina, vile vya haidroli, vilielemewa na mlima wa Mlimba hadi Makambako. Silinda 16, nguvu za farasi 3,000. Vichwa vipya vina sauti laini zaidi na ninavipiga picha vilevile, ila U30C ikipanda na mzigo unaweza karibu kuhesabu mapigo yake. Inakita kifuani. Nikiisikia nikiwa dukani naacha barua ya mtu katikati ya sentensi.

Marehemu baba alikuwa kwenye genge la njia. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa Julai 1976, na yeye aliajiriwa muda mfupi baadaye. Alitembea kilomita zake kila siku na spana ndefu begani, anakaza palipolegea, anashindilia kokoto chini ya mataruma ya zege. Siku za likizo nilimpelekea uji. Treni nzito ikishapita alikuwa anarudi kwenye kona ileile aliyoikagua asubuhi, anachuchumaa na kutazama kama kokoto zimesogea. Mara nyingi katikati ya reli kulikuwa na unga wa njano, na alinikataza kuushika. Ilikuwa salfa. Nilikuwa mkubwa ndipo nikaelewa ule unga ulikuwa unakwenda wapi: migodi ya Zambia na Kongo inaitumia kutengeneza tindikali ya kuyeyushia shaba kutoka kwenye mawe. Kwa hiyo njano inapanda, na baada ya wiki kadhaa nyekundu inashuka, mabamba ya shaba yamefungwa kwa mikanda ya chuma, yanakwenda bandarini Dar.

Hayo mabamba ninayo kwenye picha moja ninayoithamini kuliko zote. Treni ilikuwa imesimama kupisha nyingine, nikaomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, akaniruhusu nisogee mpaka ukingo wa jukwaa. Kwa mbali shaba inaonekana kama rundo la mbao. Kwa karibu uso wake una vipele vidogovidogo kama ngozi iliyopigwa na baridi, na rangi yake si nyekundu moja: kingo zina zambarau, palipokwaruzwa pana waridi. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu, na kila kipele kilikuwa na tone lake la maji. Nilipiga picha 40 za rundo moja.

Daftari langu nilianza 2012. Tarehe, saa, upande, kichwa, idadi ya mabehewa, na mzigo kama umeonekana. Mabehewa ya Zambia nayawekea nyota, kwani reli yao na yetu zina upana mmoja, milimita 1,067, yanavuka mpaka bila kushusha kitu, tofauti na reli ya kati ya zamani yenye mita moja kamili. Mwaka 1986 Tazara ilibeba tani milioni 1.2. Mwaka wa fedha 2014/15 haikufikisha hata tani 90,000, na daftari langu linaonyesha hivyo hivyo: kurasa zina mistari miwili, mitatu, halafu wiki nzima hakuna kitu. Malori ya shaba yalikuwa yanapita barabara kuu usiku na mchana, na sisi tulioizoea reli tukalala usingizi mzito ambao hatukuutaka. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zimetia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa dola bilioni 1.4, kuifufua njia yote. Nimeshanunua madaftari matatu makubwa, yale ya kaunta.

Kikundi chetu cha kufuatilia treni ni watu watano. Kijana wa Usangu, mimi, mwanafunzi wa chuo, fundi redio mmoja, na babu wa Iyunga, dereva mstaafu aliyeendesha treni za mizigo mpaka nywele zikawa nyeupe. Babu macho yake sasa hayaoni vizuri. Picha zetu haziwezi kumsaidia, hivyo kila ninapokwenda relini naweka simu juu ya jiwe irekodi, halafu namtumia sauti. Anasikiliza kwa makini sana. "Hapo ameweka nochi ya nane, nguvu yote." "Hapo magurudumu yameteleza, kuna umande. Sikia, amemwaga mchanga, yameshika." Nikirudi kwenye picha nakuta kweli, chini ya gurudumu la mbele kuna kijivumbi cheupe ambacho sikukiona nilipokuwa pale.

Jana ilifika saa moja na robo. Asubuhi na mapema treni inayokwenda magharibi ina jua mgongoni, uso wake unabaki kivuli, na wengi wangesema mwanga huo haufai. Mimi nausubiri mwaka mzima. Moshi ulitangulia kutokea juu ya mikaratusi, mweusi, halafu jua likaupiga kwa nyuma ukawa rangi ya asali. Ukungu ulikuwa umelala chini, kwa hiyo magurudumu hayakuonekana. Kichwa kilikuja kama kinaelea, taa yake ikiwa imezungukwa na duara la manjano. Kasi ya mtu anayetembea haraka. Dereva alinyoosha mkono dirishani, nami nikainua chupa ya chai. Nikaanza kuhesabu huku napiga picha, mambo mawili ambayo mkono na kichwa changu havijawahi kuyafanya pamoja vizuri. Niliandika 23.

Kamera niliiacha ndani ya mkoba nilipofika nyumbani, maana ukiitoa ghafla jikoni penye joto lenzi inafunga ukungu wote. Nikamtumia babu ile sauti, dakika nne na nusu, nikaandika: "Shikamoo babu. U30C, behewa 23, zote zimefungwa."

Alijibu kwa sauti baada ya robo saa. "Marahaba mwanangu. Nimeisikiliza mara mbili. Pale kwenye kiungo cha reli karibu na kivuko zimepita 24. La kumi na saba ni jepesi, halina kitu."

Nikafungua picha kwenye kompyuta ya dukani, nikazikuza moja moja. Kati ya behewa la kumi na sita na lile nililoliita la kumi na saba palikuwa na nafasi kubwa kuliko kawaida, ukungu mtupu. Nikaongeza mwanga. Behewa bapa, halina kuta, halina mzigo, limezama lote kwenye ukungu, na kilichojitokeza juu ni ncha mbili tu za nguzo zake za pembeni.

Nimefuta 23 kwenye daftari.