Sentensi Iliyobadilishwa Nguo

Kwa miaka kadhaa nilifundisha suala la wizi wa maandishi kama mtu anayesomea watu sheria za barabarani. Katika mhadhara wa kwanza nilieleza maana yake, nikataja adhabu zake kuanzia kupewa sifuri hadi kufukuzwa chuo, kisha nikaingia katika mada nyingine nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wangu. Insha zilipoletwa, nilikuta aya nzima nzima zilizotoka kwingine, tena baadhi yake zimeandikwa na wale waliokaa mstari wa mbele na kunakili maelezo yangu yote. Nilikasirika, kwa kuwa nilidhani wananifanya mjinga.

Aliyenifungua macho ni mwanafunzi niliyemwita ofisini nikiwa nimekwisha kumhukumu moyoni. Nilimwekea insha yake na makala ya asili mezani, akavitazama, kisha akasema kwa unyofu ambao sikuutarajia: «Mwalimu, mbona nimebadilisha karibu kila neno?» Hakuwa akijitetea kwa hila. Aliamini kwa dhati kwamba kosa limo katika maneno, na kwamba ukiyaondoa maneno ya mwenyewe, kosa nalo limeondoka.

Tangu siku hiyo naanza na mfano badala ya kuanza na adhabu. Huandika ubaoni sentensi kama hii: «Mizizi ya miti hushikilia udongo wa mteremko, hivyo miti inapokatwa, mvua kubwa husomba udongo huo na kuujaza mtoni.» Chini yake naandika nyingine: «Mizizi ya miti hukamata ardhi ya mwinuko, kwa hiyo miti ikifyekwa, mvua nyingi hubeba ardhi hiyo na kuiingiza mtoni.» Wengi huniambia kwamba ya pili ni halali. Ndipo ninapowaomba wahesabu hatua za hoja katika sentensi zote mbili, nao huona wenyewe kwamba mifupa ni ileile na kilichobadilishwa ni nguo tu. Tena mabadiliko hayo yameiharibu maana, kwa kuwa udongo na ardhi si kitu kimoja. Mtu aliyeielewa hoja angeweza kuandika kwamba, kwa mujibu wa mwandishi fulani, tope linaloujaza mto chanzo chake ni mlimani, mahali palipoondolewa miti. Hata hapo, jina la mwandishi halina budi kubaki, kwa sababu wazo bado ni lake.

Rebecca Moore Howard, mtafiti wa Marekani, aliupa uandishi wa namna hii jina ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita uandishi wa viraka, na katika kazi zake za miaka ya 1990 alishikilia kwamba mara nyingi si ulaghai, bali ni hatua anayopitia mtu anayejaribu kushika lugha ya taaluma ambayo bado hajaizoea. Nakubaliana naye, ijapokuwa siwapi alama kwa viraka hivyo. Huwarudishia insha waiandike upya, na kuiandika upya huko ndiko kunakowafundisha.

Zoezi ninalolitegemea zaidi halihitaji chombo chochote. Mwanafunzi husoma ukurasa mmoja, hufunga kitabu, humweleza jirani yake alichokielewa, kisha huandika kabla hajakifungua tena. Anayeshindwa kueleza hana cha kuandika, na huyo ndiye ambaye angenakili. Baada ya hapo hukifungua kitabu, husahihisha alipokosea, na huandika rejea papo hapo, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Nimegundua kwamba wizi mwingi huzaliwa katika daftari: mtu ananakili sentensi nzuri bila alama za mtajo wala namba ya ukurasa, na wiki tatu baadaye anaikuta na kudhani ni yake.

Swali linalonichosha ni hili: «Ni asilimia ngapi inaruhusiwa?» Programu kama Turnitin hupima mfanano wa matini, haimhukumu mtu. Insha yenye asilimia 25 inaweza kuwa safi kabisa ikiwa mfanano huo umetokana na dondoo zilizotajwa vizuri na orodha ya marejeleo, na yenye asilimia 4 inaweza kuficha aya moja iliyoibwa yote. Kuna pia anayetafsiri makala ya lugha nyingine akidhani kwamba tafsiri humfanya mwenye mali. Pál Schmitt, aliyekuwa Rais wa Hungaria, alinyang'anywa shahada yake ya uzamivu na kujiuzulu urais mwaka 2012, na sehemu kubwa ya tasnifu yake ilikuwa tafsiri ya kazi ya mtaalamu wa Bulgaria.

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 kazi imekuwa ngumu zaidi, na programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine siziamini, kwa kuwa huweza kumtia hatiani asiye na kosa. Kwa hiyo huketi na kila mwanafunzi dakika kumi, daftari likiwa mezani, nikamuuliza wazo hili alilipata wapi na kwa nini ameliweka hapa.

Yule wa viraka alikuja muhula uliofuata na daftari lililoandikwa pambizoni «yangu» na «ya mwandishi», aya baada ya aya. Pembeni mwa aya moja alikuwa ameweka alama ya kuuliza tu. Tulifungua makala pamoja tukaitafuta, tukaikuta katika ukurasa wa pili, akatoa kalamu na kuifungia alama za mtajo.