Kichwa Tulichokikata

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 17, nikimshikia Ami vyuma katika karakana yake nyuma ya Mwembe Tayari, Mombasa. Kazi zetu zilikuwa mageti, madirisha na mikokoteni ya maji. Siku moja akaja binti wa jirani yetu aliyefariki mwaka uliotangulia. Babake alipiga jazi kwa tarumbeta miaka mingi kwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini. Jioni asizokuwa na kazi alifanya mazoezi pembeni mwa kiwanja chetu cha mpira, Majengo, mdomo wa tarumbeta kauelekeza ukutani ili asiwasumbue watu. Tulimsikia tu, tena tulikimbia na mpira kwa mapigo yake. Binti alitaka kitu cha chuma kisimame palepale.

Akakunjua ukurasa wa jarida. Ilikuwa picha ya sanamu ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, iliyoko New Orleans, katika bustani yenye jina lake, kando ya Congo Square, mahali ambapo watumwa wa Kiafrika walikuwa wakipiga ngoma siku za Jumapili. Mtu wa shaba, mkono mmoja tarumbeta, mwengine hanchifu. Hapigi. Amepumzika kidogo.

"Baba naye hanchifu ilikuwa haimtoki mkononi," akasema.

Ami aliitazama picha ile mpaka chai yake ikapoa. Kisha akakubali, na bei aliyomtajia ilikuwa ya vyuma tu.

Kifua tulikitoa kwenye pipa la mafuta, miguu kwenye mabomba ya ekzosi. Kichwa kilikuwa cha shiti la shaba, na Ami akanipa mimi mashavu. Niliyagonga kwa nyundo juu ya gunia la mchanga siku nne nzima, polepole, mpaka yakafura kama ya mtu anayepuliza. Sijapata kuipenda kazi ya mikono yangu kama nilivyoyapenda mashavu yale.

Alasiri moja akaingia mzee wa baraza la mtaa. Tukampa shikamoo, tukamwekea kiti. Akaomba maji, akanywa, akakitazama kichwa.

"Kijana, hiki chanitazama," akasema. "Nimekaa na marehemu miaka arobaini. Akipiga hakumtazama mtu. Alifumba macho."

Nilijua anakoelekea. Kiumbe chenye uso, njiani, watu wakipita kwenda msikitini! Ami hakubishana. Aliuliza tu, "Sasa tufanyeje, mzee wangu?"

"Mwaijua siwa? Siwa haina uso. Ikilia, mji mzima wajua ni ya nani."

Siwa ni baragumu la sherehe za kale. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili ziko makumbusho ya Lamu. Nilikuwa nimeziona kwenye picha tu, lakini mzee alipozitaja nikahisi tarumbeta imerudi nyumbani. Tena si ngeni kwetu. Kabla ya Vita Kuu vya Kwanza vijana wa Mombasa walikuwa wakishindana kwa beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, kikundi cha Kingi dhidi ya cha Skochi, na magwanda yao na vyombo vyao. Watu husema jazi ni mambo ya watalii. Mimi siwakubalii.

Hata hivyo usiku ule nililia. Ami ndiye aliyeshika msumeno.

Tukaanza upya. Faneli saba za bati la pipa, kutoka nyembamba hadi pana, zikipanda juu ya bomba lililopinda. Nilipima kwa chaki, nafasi sawasawa, kama vyuma vya dirisha. Ami akatia kanda aliyoiacha binti, babake akipiga hotelini.

"Sikiza. Pigo laja, yeye yungali nyuma. Ngoja... haya, kalikamata!"

Akazifuta alama zangu zote kwa kiganja. Tukapanga upya huku kanda ikizunguka: hapa nafasi ya kidole, hapa ngumi yapita, hapa faneli mbili zimegusana. Nilikuwa nimeisikia jazi tangu utotoni na siku ile ndiyo niliielewa, kwa macho.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Elizabeth Catlett, Mmarekani aliyehamia Mexico, ambaye ndiye aliyemtengeneza yule Armstrong. Mwaka 2003, huko New York, sanamu yake ya kumkumbuka mwandishi Ralph Ellison, aliyesomea tarumbeta ujanani, ilisimamishwa. Ni bamba la shaba la futi 15, limekatwa umbo la mtu anayetembea. Mtu mwenyewe ni uwazi, unaiona miti kupitia kwake. Nilikaa na picha ile muda mrefu, nikikumbuka msumeno wa Ami.

Tulisimamisha yetu asubuhi ya Jumamosi, kwa saruji na mikono ya wachezaji mpira. Chini ya faneli ya mwisho nilikuwa nimening'iniza hanchifu ya shaba, imekunjwa mara moja. Niliifunga kwa ribiti, maana shaba na chuma havishikani kwa moto ule wa kuchomelea tuliokuwa nao. Nilikuwa nimeikata kwenye shavu la kushoto.

Mzee akaja na fimbo yake. Akaizunguka yote, kisha akainama kwenye hanchifu, akapitisha kidole gumba kwenye mkunjo.

"Hivi hivi," akasema. "Alikuwa akiikunja hivi hivi."

Binti akajifunika uso kwa leso yake. Ami akaniambia nikusanye vyombo.