Vitamini vya Maskati sivimezi tena

Kwetu Wete vitamini haihesabiwi dawa. Mtu akija kutoka Maskati, kwenye begi pamoja na udi na sabuni hukosi kopo la kalsiamu na vitamini D, "vya mifupa." Unapewa kwa mapenzi, na kukikataa kitu cha mapenzi ni kuzito. Wifi yangu bado ananiuliza: "Kwani vitamini nayo itamdhuru mtu?"

Mie ilinidhuru. Kalsiamu kwenye damu yangu ilifika 2.9, na kwa mtu mzima kawaida ni baina ya 2.1 na 2.6 hivi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Nilikuwa na kiu isiyokatika, mkojo usiku kucha, choo kigumu, na uchovu ambao kila mtu nyumbani alishaupa jina: sukari. Sukari ikapimwa, iko sawa.

Daktari akaniambia nimletee kila ninachomeza, hata cha dukani. Nikaumwaga mfuko mezani kwake, naye akawa anavitenga kwa ncha ya kalamu. Kopo la Maskati, huku. Vidonge vya kiungulia akavisoma ubavuni: kalsiamu kaboneti, huku huku. Halafu vya presha. Vilikuwa vile vya kukojoza, vya kundi la thiazaidi, na hivyo huzifanya figo ziirudishe kalsiamu mwilini badala ya kuitoa. Vitu vitatu, kila kimoja nimekipata mahali pake, vyote vinavuta upande mmoja.

Hakuishia hapo, na kwa hilo namshukuru sana. Alipima homoni ya parathiroidi, inayotoka kwenye vijitezi vinne vya shingoni. Ingekuwa juu, tatizo lingekuwa huko. Yangu ilikuwa chini. Akanipiga picha ya kifua pia, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kuifanya vitamini D, ambayo ndiyo inayoiingiza kalsiamu kwenye damu, iwe na nguvu kupita kiasi mwilini. Kifua kilikuwa safi. Akanieleza kuwa wako watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja vitamini hiyo, kwa hiyo kiasi kinachomfaa jirani yako wewe kinaweza kukulaza.

Kilichonichosha ni kungoja. Vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki na mkojo kama vitamini C. Kopo nimeliacha, na kalsiamu ikashuka polepole mno. Dawa ya presha nimebadilishiwa. Maziwa nimepunguza, na dagaa wa kutafunwa na miba yao. Maji nakunywa kutwa, hata nikienda pwani kwenye mwani nina chupa yangu.

Na hapo ndipo penye Ramadhani. Kukaa bila maji kutwa, na joto letu hili, kunaipandisha kalsiamu na kuzitesa figo. Wako wanaonitazama kama natafuta sababu ya kula mchana. Mgonjwa ana ruhusa yake, na siku zake atazilipa akipona. Hili tumefundishwa chuo cha Kurani tangu wadogo, na inaniuma kulieleza kwa watu tuliosoma nao msahafu mmoja. Kipimo changu kingine ni Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, na daktari ataamua kwa majibu hayo kama nifunge au nisifunge.